Uzoefu wangu na leseni "ya maisha" iliyokatika kabla ya miezi sita

Ofisi yangu ya uwakala wa forodha iko ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Moi Avenue hapa Mombasa, nayo ina kompyuta tano na wafanyakazi watano, mimi nikiwa mmoja wao. Mwanzoni mwa mwaka jana nilinunua leseni za Windows na Office za mashine zote tano kutoka kwa muuzaji niliyeletewa na jirani, kwa bei ambayo ilipaswa kunitia wasiwasi mapema. Alikuja na flashi mkononi, akashinda ofisini tangu asubuhi hadi adhuhuri akifuta kila kitu na kuweka upya, kisha akaniambia, "Mama, hizi ni za maisha, hutanitafuta tena." Kwa upande wa kutafutwa alisema kweli, maana nilipomtafuta sikumpata.

Miezi sita haijatimia, yalitokea maandishi hafifu kwenye pembe ya chini ya kioo yakidai Windows iamilishwe, yaani leseni yake ithibitishwe kuwa halali, na siku chache baadaye Excel ikavaa utepe mwekundu, wakati karani alikuwa akitayarisha orodha ya mizigo ya kontena lililokwisha kushushwa bandarini Kilindini. Nilimwita mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kompyuta. Alifungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika slmgr /dli, na kikajitokeza kisanduku kidogo chenye neno VOLUME_KMSCLIENT. "Mama mdogo," akasema, "hii ni leseni ya kampuni kubwa, wala si ya kwako."

Maelezo yake nayaweka hapa kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho. Leseni za jumla huuzwa kwa mashirika yenye kompyuta nyingi, na shirika huwa na seva yake, yaani kompyuta kuu, ambayo kompyuta hizo huripoti kwake. Kila kompyuta huamilishwa kwa siku 180 tu, na katika muda huo hujaribu kila baada ya siku saba kuwasiliana na seva ili hesabu ianze upya. Muuzaji wangu alikuwa amezielekeza mashine zetu kwenye seva ya watu tusiowajua, na seva hiyo ilipozimwa, siku 180 zikaanza kuhesabika kwenda sifuri. Maisha niliyouziwa yalikuwa ndiyo hayo.

Sisi wa Mombasa jambo hili halipaswi kutushinda, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni vyako, unaweza kuuza au kumwachia mwanao, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi, na masharti yake ndiyo yanayoamua utajenga nini juu yake. Kompyuta ni yangu, ilhali programu inabaki kuwa mali ya aliyeitengeneza, nami ninalipia ruhusa ya kuitumia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, kwa hiyo kutumia nakala isiyo na ruhusa ni sawa na kuchapisha kitabu cha mtu bila idhini yake. Swali nililopaswa kumuuliza muuzaji kabla ya bei, basi, ni hili: ruhusa hii imefungwa kwa nani, na kwa matumizi gani?

Jibu la swali hilo kwa upande wa Windows lilinitia aibu. Tatu kati ya kompyuta zetu zilinunuliwa dukani zikiwa mpya, na zilikuja na leseni inayofungamana na mashine yenyewe, ambayo ufunguo wake huhifadhiwa ndani ya bodi kuu ya kompyuta. Leseni ya namna hiyo haihamishiki kwenda mashine nyingine, lakini pia haipotei kwa kufuta diski. Kijana wa dada yangu aliweka upya toleo lilelile lililokuja nazo, akaziunganisha na intaneti, nazo zikajiamilisha zenyewe. Nilikuwa nimemlipa mtu aniuzie nilichokuwa nacho, tena akakifuta kwanza. Anayetaka leseni anayoweza kuihamisha atakapobadilisha mashine anunue ile ya rejareja, na ajiandae kulipa zaidi.

Mashine mbili zilizobaki ni za mitumba, zimezeeka na hazina kifaa cha usalama kinachohitajiwa na Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hizo tuliziwekea Linux badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Office, bila kulipa hata shilingi. Jirani yangu alinionya kwamba vitu vya bure si halali kwa biashara, na hapo alichanganya mambo mawili. Programu huria, yaani zile ambazo watengenezaji wameruhusu yeyote kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, kama LibreOffice, ambayo leseni yake ni ile ya Mozilla toleo la 2.0, zinaruhusu matumizi ya biashara waziwazi, na ningeweza kuiweka LibreOffice hata kwenye mashine mia. Masharti ya leseni za aina hiyo, na yale makali zaidi ya GPL, leseni nyingine ya programu huria, humgusa hasa anayebadilisha programu na kuisambaza, na si karani anayeandika barua. Cha kuogopa ni programu isiyolipiwa kwa matumizi ya nyumbani tu, na hizo zimejaa maofisini bila mtu kujua. TeamViewer, ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ni ya bure kwa matumizi binafsi, ofisi inapaswa kulipia. WinRAR, ya kubana mafaili, hutolewa kwa majaribio ya siku 40, ingawa sijapata kuona ofisi hapa mjini inayozihesabu siku hizo. Sisi tumehamia 7-Zip, ambayo ni huria.

Kwa upande wa Office nilikaribia kununua toleo la Home and Student kwa sababu lilikuwa nafuu, mpaka nikasoma kwamba halina ruhusa ya kazi za kibiashara. Hatimaye nilichukua Microsoft 365 ya biashara, ambayo huhesabu watu badala ya mashine: mwenye leseni ya Business Standard anaweza kuiweka kwenye kompyuta hadi tano, na simu zake pia. Watatu wanaoandaa nyaraka nimewapa hiyo. Wawili wanaotumia zile mashine za Linux, ambao kazi yao ya Office ni kusoma na kujibu barua pepe, nimewapa Business Basic ya bei ya chini, inayofanya kazi ndani ya kivinjari na kwenye simu pekee. Ni kodi isiyokwisha, sikatai, na ukiacha kulipa programu hubaki kufungua na kuchapisha bila kukuruhusu kuhariri.

Nilinunua kupitia wakala aliyenipa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, na kwangu hilo lina uzito sawa na ubora wa programu, kwa kuwa tangu Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyo na ankara hiyo kwa kawaida hayakubaliki wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Yule muuzaji wa flashi alinipa kipande cha karatasi chenye namba ya simu.

Mwezi uliopita mmoja wa makarani waandaaji wa nyaraka aliacha kazi. Niliingia kwenye akaunti ya ofisi, nikaondoa jina lake kwenye leseni na kuweka la binti aliyechukua nafasi yake, na kabla hajamaliza chai yake alikuwa ameshaanza kujaza fomu za kontena la kwanza.