Kifurushi cha surveillance katika R (programu ya takwimu): kizuri sana, ila usikiache na mipangilio yake ya awali

Kwa anayechambua takwimu za magonjwa kila wiki, surveillance ni msaada mkubwa, na ni bure. Kina mbinu kadhaa za kugundua mlipuko: CUSUM, EARS, za Bayes na farringtonFlexible. Hii ya mwisho peke yake inatosha kukufanya ukipakue.

Inalinganisha wiki hii na wiki za majira hayohayo miaka ya nyuma. Ukiweka b=5 na w=3, inachukua miaka mitano, wiki saba kila mwaka: ile yenyewe na tatu kila upande. Mlipuko wa zamani ukibaki humo hupandisha kizingiti (idadi ya wagonjwa ambayo ikizidi, tahadhari inawaka), na mlipuko mpya unapita kimyakimya. Weka reweight=TRUE na weightsThreshold=2.58, wiki zilizozidi kupita kiasi zipunguziwe uzito. Ukitumia noPeriods=10 (mwaka kugawanywa vipindi kumi vya majira), weka pia pastWeeksNotIncluded=26, ili wiki 26 za karibuni zisihesabiwe; bila hivyo, mlipuko unaopanda polepole huingia kwenye msingi unaopimiwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni limit54. Kwa kawaida ni c(5,4), yaani hakuna tahadhari mpaka wagonjwa wafike watano ndani ya wiki nne. Kwa salmonela ni sawa. Kwa kipindupindu au polio ni hatari, maana mgonjwa mmoja tu anatosha kuanza uchunguzi. Kizime kwa c(0,4).

Alpha nayo, yaani uwezekano wa tahadhari ya uongo, isichukuliwe kirahisi. Ukifuatilia mifuatano 200 ya takwimu kwa 0.05, tarajia tahadhari za uongo kama kumi kila wiki, na timu itazoea kuzipuuza. Kwa 0.005 inabaki kama moja.

Huna data ya miaka? Tumia earsC (ile ya EARS), ambayo kwa toleo lake la C1 huhitaji siku saba tu. Mimi napendelea C2: inaruka siku mbili za karibuni, kwa hiyo wagonjwa wanaoanza kuongezeka hawaingii kwenye wastani. Siku zote saba zikiwa sifuri, mgonjwa mmoja anawasha tahadhari. Kuweka minSigma (kiwango cha chini cha mtawanyiko) ya 0.5 au 1 hutuliza hilo.

Ripoti zinazochelewa ndizo huharibu kila kitu. Wiki za mwisho huonekana tulivu kwa sababu tu fomu hazijafika. Kazi ya nowcast hukadiria pengo hilo, lakini inataka tarehe mbili kwa kila mgonjwa: ya kuanza dalili na ya kuripotiwa. Fomu yenu ikiwa na moja tu, anzeni kwa kuirekebisha.