Lodibenki ya kilowati 200 iliyotoa kilowati 139: uzoefu wangu Mwanza

Kiwanda ninachokihudumia kwa upande wa umeme kinachakata minofu ya sangara kando ya ziwa, upande wa Ilemela, na vyumba vyake vya baridi pamoja na mtambo wa barafu havistahimili umeme ukikatika kwa saa nyingi. Jenereta yetu ya akiba ni ya dizeli, kVA 250, yaani kilowati 200 kwa pawafakta (uwiano wa kilowati kwa kVA) ya 0.8. Kwa muda mrefu utaratibu ulikuwa kuiwasha kila wiki bila mzigo, ikanguruma kidogo na kuzimwa. Hatimaye tukaanza kuona matone meusi yenye mafuta kwenye maungio ya bomba la moshi, ambayo ni dizeli isiyoungua vizuri iliyochanganyika na masizi. Injini ya dizeli inayofanya kazi mara kwa mara chini ya takribani asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote, na dawa yake ni kuipa mzigo wa kweli. Tukakodi lodibenki kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam. Kwa asiyeifahamu, hii ni mashine yenye elementi za kupasha joto na feni kubwa, ambayo kazi yake yote ni kula umeme wa jenereta na kuutoa nje kama hewa ya moto.

Mashine ilifika ikiwa safi, kebo zake nzito na nzima, na mzigo wake umegawanywa katika hatua nne za kilowati 50. Feni yake hupata umeme kutoka kwenye jenereta ileile inayopimwa. Tulipoiwasha, feni ilizunguka vizuri, lakini taa ya hitilafu ya hewa haikuzimika na hakuna hatua hata moja iliyokubali kuingia. Fundi kijana aliyekuja na mashine alikuwa na jibu tayari: “Mzee, tuipite tu hii swichi ya hewa, naunganisha kipande cha waya hapa, kazi inaendelea.” Nilimkatalia. Swichi hiyo ndiyo inayozuia elementi zisipewe umeme mpaka hewa itoshe. Elementi zikipewa umeme bila hewa ya kutosha huharibika haraka sana, na swichi ya joto iliyowekwa kama kinga ya pili hujibu baada ya joto kuwa limeshapanda. Kampuni inayomtuma fundi mwenye ushauri wa namna hiyo inapaswa kuzungumza naye kabla ya kumpandisha kwenye gari.

Tulianza na mambo mepesi. Kipande cha karatasi mbele ya wavu wa kuingizia hewa kilivutwa ndani, kwa hiyo feni ilikuwa inazunguka upande sahihi. Kama ingekuwa inapuliza kinyume, tungebadilishana nyaya mbili kati ya tatu za fezi. Wavu wenyewe ulikuwa umezibwa nusu na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi kama moshi jioni na kujibandika popote penye mwanga, kwa sababu mashine ililala uani chini ya taa. Tuliwafagia. Usafi huo ulihitajika, na yeyote anayepima jenereta karibu na ziwa aufanye kila asubuhi, lakini taa haikuzimika.

Ndipo nikasoma kibati cha vipimo kilichobandikwa ndani ya mlango: volti 480, fezi tatu, hezi 60. Ni mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani, na sisi tunaipa volti 400 na hezi 50. Nguvu inayoliwa na elementi hufuata mraba wa volti, na 400 ukigawanya kwa 480, kisha ukapata mraba wake, ni 0.694. Maana yake ni kwamba kilowati 200 za kwenye kibati ni kilowati 139 hapa kwetu, na hakuna fundi duniani atakayezipata zilizobaki kutoka kwenye elementi zilezile.

Kibati hichohicho kilieleza habari ya feni. Mota ya hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 haipati madhara iwapo na volti zimeshuka kwa uwiano uleule, na hapa zimeshuka hivyo, lakini mwendo wake hupungua hadi asilimia 83, na mgandamizo wa hewa, ambao hufuata mraba wa mwendo, hushuka hadi asilimia 69. Ongeza kwamba Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na swichi iliyopangwa kufunga kwa mgandamizo wa hezi 60 inabaki wazi, nayo haina ubovu wowote. Joto la kuondolewa nalo limepungua hadi asilimia 69, kwa hiyo hewa iliyopo inatosha. Hata hivyo sikuigusa swichi kwa kubahatisha. Niliwataka wenye mashine watume kipimo kilichowekwa na mtengenezaji kwa hezi 50, wakatuma picha ya ukurasa wa kitabu, tukairekebisha kwa kipimo hicho. Kabla ya kuweka mzigo tuliziba sehemu ya wavu kwa ubao ili kuona kama swichi bado inakata. Ilikata.

Hatua ya kwanza ilipoingia, kontakta, yaani swichi za sumaku zinazounganisha kila hatua, zikaanza kuunguruma na kuachia. Chanzo kilikuwa kilekile. Transfoma ndogo ya kidhibiti ilikuwa imeunganishwa kwenye ncha ya volti 480 ili itoe 120, na kwa volti zetu 400 ikawa inatoa 100 tu, ilhali koili ya kontakta (waya uliozungushwa unaoleta sumaku) kwa kawaida huhitaji angalau asilimia 85 ya volti zake ili ivute na kushika, yaani 102. Upungufu wa volti mbili tu ulitosha kuleta kelele yote ile. Transfoma ilikuwa na ncha ya volti 400. Tukazima kila kitu, tukahamisha waya, kontakta zikatulia.

Hitilafu halisi ya mashine ilikuwa moja. Hatua zote nne zikiwa ndani nilitarajia kilowati 139, kioo kikaonyesha 121. Upungufu unaotokana na volti huonekana sawa kwenye fezi zote, lakini upungufu wa fyuzi au elementi iliyokatika huziacha fezi zikitofautiana, ndiyo maana klampumita, kipimo cha ampea kinachobana waya mmoja mmoja, ni bora kuliko kioo cha mashine. Hatua tatu zilisoma ampea 50 kwenye kila waya. Hatua ya nne ilisoma 43, 43 na sifuri, na hivyo ndivyo inavyosoma hatua iliyounganishwa kwa nyota bila nyutro (fezi tatu zinakutana sehemu moja isiyo na waya wa kurudi) pale fezi moja inapokatika, ikibaki na nusu ya nguvu yake. Tulitenga umeme, tukasubiri elementi zipoe, tukapima: elementi zilikuwa nzima, fyuzi ilikuwa imeungua, na kishikio chake kimebadilika rangi kwa sababu ya kulegea. Fyuzi ya akiba haikuwemo kwenye sanduku, tukaitafuta mjini.

Jenereta ilianza na hatua moja, tukapanda taratibu hadi zote nne, kisha tukaongeza kompresa za mtambo wa barafu ili tukaribie kilowati 200. Kompresa zilisaidia pia kwa jambo ambalo lodibenki ya elementi peke yake haiwezi, kwa kuwa mota zake huvuta ampea zaidi kwa kilowati zilezile: kwa kilowati 200 za joto tupu, altaneta, yaani sehemu ya jenereta inayozalisha umeme, ingebeba takribani ampea 289, wakati kVA 250 kamili ni ampea 361. Moshi ulitoka mzito mwanzoni, ukapungua kadiri bomba lilivyopata joto, na matone hayajarudi.

Mashine yenyewe naipa nyota nne kati ya tano, kwa kuwa kinga zake zilifanya kazi kama zilivyokusudiwa. Huduma naipa mbili. Tulilipishwa bei ya kilowati 200, kitabu hakikuja, na hakuna aliyetuuliza volti zetu kabla ya gari kuondoka. Agizo la mwakani nimekwisha kuliandika: kilowati zitajwe kwa volti 400 na hezi 50, picha ya kibati itumwe kabla ya malipo, kitabu na fyuzi za akiba ziwe ndani ya sanduku, na bei ihesabiwe kwa kilowati zinazopatikana kwenye jenereta yetu.