Kokoa Kamili 70%: chokoleti ya Mbingu niliyoila Oakland

Nilikuwa nimeenda kununua mchele. Kwenye duka hilo chokoleti huwekwa karibu na mahali pa kulipia, zimesimamishwa kama vitabu, na jicho langu likatua kwenye karatasi moja yenye maneno mawili ya Kiswahili: Kokoa Kamili. Chini yake, Tanzania, 70%. Foleni ikasogea, watu wawili wakanipita, mimi bado naisoma. Mimi ni mtoto wa Kyela. Nimekua chini ya mikakao ya baba, na kabla ya siku hiyo sikuwahi kuona kakao ya nchi yangu ikitajwa kwa jina lake juu ya chokoleti.

Nikalipa dola 11. Kwa gramu 56.

Kokoa Kamili si jina la chokoleti yenyewe. Ni kampuni iliyoanza mwaka 2013 kule Mbingu, bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Wananunua kakao mbichi kwa wakulima wadogo, mbegu zikiwa bado na ute wake mweupe, halafu wanaivundika wenyewe kwenye masanduku ya mbao, wanaianika, na kuiuza kwa watengenezaji wa chokoleti wa nje. Aliyetengeneza hii niliyonunua yuko huku huku California: amezikaanga punje, akazisaga, akatia sukari. Viungo ni hivyo viwili tu, kakao na sukari. Hamna maziwa wala vanila.

Nilisubiri mpaka usiku, watoto wamelala. Ilikatika kwa mlio mkavu. Usiitafune, iache iyeyuke juu ya ulimi. Kwanza unakuja uchachu, kama ukwaju uliotiwa sukari. Halafu utamu wa zambarau zilizoiva sana, zile zinazopasuka zikidondoka. Uchungu unafika mwisho, nao ni mdogo, kama wa chai ya rangi iliyokolea. Hata dakika tano baadaye bado nilikuwa naisikia mdomoni.

Uchachu ule naujua. Tulipokuwa wadogo, siku ya kupasua kakao tulikaa na wakubwa kuzunguka beseni, tunafyonza ute kwenye mbegu na kuirudisha mbegu ndani, kwa sababu mbegu ndiyo ada ya shule. Ute ule ni mtamu, una harufu ya stafeli. Chokoleti yenyewe nilikuja kuionja nikiwa kidato cha pili, na sikuamini kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu. Ile ilikuwa tamu ya maziwa na sukari, basi. Hii ya Mbingu ndiyo ya kwanza kunirudisha kwenye beseni.

Na haikutokea kwa bahati. Mbegu ya kakao ikitolewa tu kwenye tunda na kukaushwa, ni chungu, inakaza mdomo, ukiikata ndani ina rangi ya zambarau. Ladha inaanza kwenye kuvundika. Ute unachacha, lundo linapanda joto hadi karibu nyuzi 50, mbegu inakufa, na humo ndani mambo yanabadilika. Lazima ligeuzwe ili hewa ipite na joto lienee. Likikosewa hapo, hakuna mkaangaji wa California wala wa Uswisi atakayeliponya. Kwa hiyo ninaposifia chokoleti hii, nusu ya sifa, naweza kusema zaidi ya nusu, ni ya wale wanaochota na kugeuza kakao ya moto kwenye masanduku ya Mbingu.

Hapo ndipo nina neno na karatasi. Imepambwa vizuri, inaeleza jinsi punje zilivyokaangwa, mashine ilizunguka siku ngapi, hata jina la aliyesimamia lipo. Kuhusu kuvundika, sentensi moja. Kuhusu alicholipwa mkulima, kimya. Nikachukua kalamu. Kilo moja ya punje kavu, ukitoa maganda na kinachopotea jikoni, inatoa chokoleti kama 20 za ukubwa huu. Kwa bei ya dukani hizo ni dola 220. Mwaka 2024, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipoharibika na bei ya dunia ikapanda kuliko wakati wowote, tani ilipita dola 12,000 mwezi wa Desemba, yaani dola 12 kwa kilo. Huo ndio ulikuwa mwaka wa neema. Najua kodi ya duka ni kubwa, mashine ni ghali, wafanyakazi wa huku wanalipwa kwa saa. Sisemi wanaiba. Nasema waandike, maana mnunuzi aliye tayari kutoa dola 11 kwa gramu 56 ndiye huyo huyo atakayetaka kujua.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka mpaka bei ya mkulima iandikwe. Ukiipata, inunue, na uile bila kitu kingine. Niliijaribu na kahawa, kahawa ikaimeza.

Nilinunua ya pili, nikampa shemeji aliyekuwa anasafiri, nikamwambia hii ni ya baba. Ilifika Kyela imeshayeyuka na kuganda tena njiani, juu imefanya weupe. Niliogopa wangeitupa. Weupe huo ni mafuta ya kakao yenyewe yanayopanda juu, haidhuru.

Baba akanipigia Jumapili. Nikamwamkia, akaitikia, hakuniuliza habari za watoto.

"Mama, hii mmesema ya wapi?"

"Mbingu, baba. Kilombero."

"Ina uchachu mzuri. Wanavundika siku ngapi?"

"Sita hivi."

Akanyamaza. Nyumbani tunafunika kwa majani ya mgomba siku tatu, tunaanika. Nikamuuliza kwa nini sisi tatu, maana sikuwahi kuuliza nilipokuwa pale.

"Nani ananilipa hizo tatu nyingine?"

Amekuwa akilima kakao tangu kabla sijazaliwa. Anawajua waliokuja na pesa taslimu kununua njuti, kakao changa ingali mtini, wakati nyumba haina kitu na shule zinafungua. Alifurahi minada ya stakabadhi ghalani, ambako kakao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ilipoanza, na mwaka wa bei kubwa, yeye aliyezoea kama shilingi 5,000 alipata zaidi ya 20,000 kwa kilo, akaezeka nyumba upya. Lakini mwaka huo ndio kakao nzuri na mbaya zilibebwa kwenye gari moja kwa bei moja. Aliyevundika siku sita alikuwa amejichelewesha tu. Mwaka 2025 bei ikashuka tena, na sasa wanunuzi wameanza kukata punje kwa kisu na kuangalia ndani. Mbingu mkulima anauza mbichi na habari ya kuvundika inamtoka mikononi. Baba hapendi hilo, anataka kakao yake aimalize mwenyewe.

Nikamweleza kwamba kule wanatumia masanduku, siyo majani, na wanahamisha kutoka sanduku moja kwenda jingine ili kugeuza. Akaniuliza ni mbao za mti gani. Sikujua. Nikamsikia anamwambia mama akate kipande kingine ampe fundi wa jirani, yule wa madirisha.

"Niulizie basi vipimo," akasema. "Upana na kimo. Na kama chini wanatoboa matundu."