Boksi ya huduma ya kwanza niliyonunua Kisumu, naipa nyota 2 kwa 5

Nyota zenyewe mbili ni za boksi tu, ile plastiki. Inafunga vizuri, maji hayaingii, mkono uko imara. Vitu vya ndani ndio shida na nataka mwenye anafikiria kununua moja kama hii asome kwanza.

Niliitoa supermaketi moja hapa mjini mwaka jana, 1,900 bob, nje imeandikwa vipande 80. Sisi tunakaa Manyatta, nyumba ya mabati, watoto ni watatu na mpwa wangu, nikaona sasa niko sawa hata kukitokea nini. Nikaiweka juu ya kabati na sikuifungua hata siku moja, na hilo ndilo kosa najutia mpaka leo.

Jumapili moja mpwa wangu wa miaka saba akakanyaga bati pale nyuma ya nyumba, kisigino kikapasuka, damu mpaka kwa simiti. Nikakimbilia boksi. Plasta nikifungua hazishiki, gundi yote imebaki kwa karatasi inavutika kama bigijii, kumbe lile joto la chini ya mabati limeshaimaliza. Nikatoa bandeji, mkasi haukati. Nafunga vidole, uzi unajipinda katikati ya vyuma, nafungua, nafunga tena, unatafunwa tu, na mtoto analia anti inauma anti inauma. Jirani yangu mama mzee ndiye aliingia akavuta leso safi kwa kamba, akaikunja, akakandamiza kisigino kwa nguvu zake zote, akaniambia, "Nyathina (yaani mwanangu), inua huo mguu, na usichungulie." Dakika kumi hatukuchungulia. Kila ukiinua kitambaa kuangalia unaharibu damu iliyoanza kuganda, hiyo sikuwa najua. Damu ikasimama, tukampeleka Russia, yaani hospitali ya Jaramogi kwa wenye si wa huku, akasafishwa vizuri, akashonwa, akadungwa ya pepopunda.

Jioni nikamwaga boksi kitandani nikahesabu. Kweli ni 80, hawakudanganya, lakini plasta ndogondogo ni 50, vile vitambaa vya spiriti 20, pini 6, bandeji 2 nyembamba, huo mkasi, na glavu pea moja yenye ilipasuka nikiivaa. Shashi ya kufunika kidonda kikubwa hakuna hata moja! Na spiriti kwa kidonda kilichofunguka inachoma nyama, maji safi yanayotiririka yanatosha, sabuni unapitisha pembeni.

Nikaenda kemisti moja Kondele na hapo nawapa nyota zote 5, dada aliyekuwa kaunta aliniuliza kwanza nyumbani kuna nani na wa miaka mingapi kabla hajatoa kitu. Nikabeba shashi za pakiti zilizofungwa moja moja, bandeji pana za kuvutika, tepu, glavu za saizi yangu, maji ya chumvi ya kuoshea kidonda, kibanio cha kutoa miba, mkasi wa maana, na ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji mtu akiharisha. Hiyo ORS someni pakiti jamani, zingine ni za lita moja zingine nusu lita, ukikosea kipimo haimsaidii mtoto vile inafaa na ikiwa kali sana inaweza kumdhuru.

Nikaulizia dawa ya kupaka ya moto akanikatalia. Akasema dawa ya kuungua ni maji ya baridi ya kawaida, si barafu, dakika 20, unaanza hapo hapo, unavua nguo na bangili kama hazijashikana na ngozi, halafu unafunika na nailoni safi ile ya kufunikia chakula. Dawa ya meno, majarini, yai, zote hapana. Sasa kwetu bomba hukauka kila mara kwa hivyo nimeweka jerikeni ya lita 20 na kikombe kando, hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa kwa kufua.

Tembe nilipunguza. Antibayotiki za nani sijui zilizobaki, nje. Asprini nje pia, mtoto wa chini ya miaka 16 hapewi bila daktari kusema. Panadol za watu wazima zimebaki, za miligramu 500, tembe mbili mbili, unangoja angalau masaa manne kabla ya kurudia, na zisipite tembe nane kwa masaa 24, ya watoto ni ya maji na inapimwa kwa kijiko chake chenye inakuja nacho.

Boksi yenyewe nimeitoa juu ya kabati, iko ukutani upande wenye jua halipigi, juu kuliko mikono ya watoto, na watu wazima wote wa nyumba wanajua iko wapi. Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi ya tarehe za kuekspaya na namba 1199 ya Red Cross na 999 ya dharura.

Nilirudi na ule mkasi kwa supermaketi. Wakasema kitu kikifunguliwa hakirudishwi. Nikamwomba yule wa kaunta ajaribu tu kukata bandeji hapo mbele yangu, akajaribu mara tatu, haikukatika.