Mount Marathon, Seward: niliyoyaona kwenye mbio za mlimani za Julai 4

Kwa wanaoniuliza kama Mount Marathon inastahili nauli ya mpaka Alaska, inastahili jamani, ila mkifika msiende kujazana pale wanapomalizia, nendeni mkasimame mguuni kwa mlima, nitaeleza kwa nini.

Seward ni kamji kadogo kwelikweli, wakazi hawafiki 3,000, mbele bahari nyuma mlima, na kako mwisho wa barabara kama kilomita 200 hivi kusini mwa Anchorage. Siku za kawaida ni wavuvi na watalii wa meli. Ikifika tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, hapapitiki, maana mbio zinafanyika siku hiyohiyo karibu kila mwaka.

Urefu wake kilomita 5 tu kwenda na kurudi. Najua ushacheka, hata mie nilipoisikia mara ya kwanza nikasema hiyo si ya kupasha misuli? Ila sasa unaanzia katikati ya mji kwenye lami, karibu kabisa na bahari, unakata mitaa miwili mitatu, halafu barabara inaisha na mlima unaanza hapohapo, unapanda mpaka sehemu wanaiita Race Point, mita 921 juu ya bahari, unageuka unashuka. Kule juu hakuna anayekimbia kivile, watu wameinama mikono kwenye magoti wamepangana kama siafu, wengine wanatambaa kwa kushika mizizi.

Chanzo chake ndio kimenifurahisha kuliko vyote. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani hizo wazee wawili wa mji walibishana baa, mmoja anasema mtu anaweza kupanda ule mlima na kushuka ndani ya saa moja, mwenzie anasema wapi, haiwezekani, wakawekeana dau kwamba atakayeshindwa anawanunulia watu vinywaji. Ubishi wa pombe tu yaani! Mbio rasmi zikaanza mwaka 1915, akashinda James Walters kwa saa 1 na dakika 2, kwa hiyo aliyesema haiwezekani angeweza bado kutamba mtaani, mpaka mwaka uliofuata Alec Bolan alipokuja na dakika 55 akamaliza ubishi. Zimepita zaidi ya miaka mia na mji mzima bado unaishi kwenye lile dau.

Sasa kushuka. Kupanda kunachosha hata kutazama, ila kushuka ndio mbio zenyewe bana. Wanajiachia kwenye vipande vya mawe meusi vinavyoteleza, wanaserereka kwenye theluji iliyobaki, kisha chini kabisa kuna mwamba na mawe yenye maji ambapo mtu miguu ishakuwa uji na bado anatakiwa achague pa kukanyaga. Ndio maana nasema simama pale. Nilimwona mdada mmoja amefunga soletepu nene kuzunguka viatu na vifundo vya miguu ili vijiwe visiingie, glavu mikononi, alipotokea kwenye mwamba soletepu ya mguu mmoja imechanika inapepea, goti linachuruzika damu mpaka kwenye soksi, na anacheka! Akagusa lami akaongeza mwendo utadhani ndio kwanza anaanza. Ukikaa kule mwisho unaona damu tu, huoni ilikotoka.

Wanawake wanakimbia peke yao na wanaume peke yao, na watoto nao wana mbio zao, wao wanafika nusu ya mlima wanageuka. Msidharau hao watoto, wengine hiyo njia wameipanda tangu wadogo, na mgeni mwenye viatu vya bei mbaya anaachwa hivihivi. Ila mabingwa wa nje nao wamewahi kuja wakaacha alama, mwaka 2015 Kilian Jornet wa Hispania alikata kwa dakika 41 na sekunde 48, na siku hiyohiyo Emelie Forsberg wa Sweden akashinda kwa wanawake kwa 47:48. Wenyeji haikuwakalia vizuri nadhani, maana mwaka mmoja tu baadaye David Norris wa Anchorage akaja na 41:26.

Kingine, si mchezo wa kitoto. Mwaka 2012 mkimbiaji mmoja alipotea kule mlimani na hajapatikana mpaka leo, na tangu hapo usalama kwa wanaoanza unatiliwa mkazo zaidi. Nafasi nazo chache, wageni wengi wanapitia bahati nasibu, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kabla hujajua kama umepata.

Maudhi? Malazi. Vyumba vinaisha miezi kabla, na mwenye nyumba niliyempata mimi alinichaji hela ya hoteli kwa kachumba kalikokuwa stoo, ndoo na mifagio bado imo. Maegesho ndio usiseme. Kama unaweza panda treni kutoka Anchorage, inaishia palepale Seward na njia yake nzuri ajabu. Jaribu ufike tarehe 3, maana fataki wanapiga usiku wa manane kuamkia tarehe 4, kiangazi kule giza linachelewa mno wakipiga mapema hamtaona kitu. Na beba koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka.