Maonyesho ya mauaji ya Wayahudi vijijini Polandi, yaliyoko Malindi: je, yanastahili kiingilio chake?

Ukumbi mmoja mdogo wa binafsi, upande wa baharini mjini Malindi, unaonyesha mabango yanayoeleza jinsi Wayahudi wa wilaya mbili za mashambani, Zamość na Biłgoraj katika jimbo la Lublin, walivyoangamizwa wakati Polandi ilipokuwa mikononi mwa Wanazi. Kiingilio ni shilingi 300 kwa mtu mzima na 100 kwa mwanafunzi aliyevaa sare, na ndani ya malipo hayo mna huduma ya mwongozaji, mradi ufike saa anazokuwapo. Nasema mapema kwamba pesa hiyo haipotei, ila kwa sharti moja: usiingie bila mwongozaji, kwa sababu mabango yana mapengo ambayo yeye ndiye anayeyaziba.

Wengi wetu tuliosoma historia shuleni tunayajua mauaji haya kwa jina la Auschwitz na kwa hesabu ya watu milioni 6, na hivyo tumezoea kuyafikiria kama kazi iliyofanyika nyuma ya ua wa seng'enge, mbali na macho ya watu. Waandalizi wamefanya busara kuchagua mahali ambapo mambo mengi yalitendeka bila ua wowote, katika viwanja vya soko, barabara za vumbi na misitu ambayo kila mtu aliijua njia yake. Bango la kwanza ni la siku ya soko kabla ya vita. Wakulima Wakristo wanateremsha kuku, mayai na magunia ya nafaka, na Wayahudi, ambao katika miji midogo ya eneo hilo mara nyingi walikaribia nusu ya wakazi au kuizidi, ndio mafundi cherehani, washona viatu, wachuuzi na wanunuzi wa mazao. Mtazamaji wa hapa, aliyekulia katika mji wa Wagiriama, Waswahili, Wabajuni na Wahindi wanaouziana na kukopeshana kila siku, hahitaji kuelezwa zaidi. Juu ya bango hilo imeandikwa kwamba Polandi ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3 kabla ya 1939 na kwamba karibu milioni 3 kati yao waliuawa, kisha hesabu hiyo hairudiwi tena mahali popote, jambo ninalolipongeza.

Bango la pili, la miaka ya 1939 hadi 1941, linakwenda mbio: vitambaa vya mkononi vya kuwatambulisha Wayahudi, kazi za shuruti, maduka yaliyonyang'anywa, utawala wa gavana wa Kijerumani Hans Frank kutoka Kraków. Ningependa mji wa Izbica upewe nafasi zaidi, kwa kuwa mji huo mdogo ulio kando ya reli uligeuzwa mwaka 1942 kuwa kituo cha kupitishia Wayahudi kutoka Ujerumani, Austria na nchi za Wacheki na Waslovakia, wengi wao watu wa miji mikubwa wasiojua lugha ya wenyeji, walioshushwa mahali pasipo na nyumba za kuwatosha.

Kiini cha maonyesho ni bango la mji wa Józefów, na hapo ndipo mwongozaji anapothibitisha thamani yake. Tarehe 13 Julai 1942 kikosi cha 101 cha polisi wa akiba, chenye watu karibu 500, kilitoka Biłgoraj kwa malori kabla ya alfajiri. Hawakuwa vijana wenye ghadhabu ya vita. Wengi walikuwa watu wazima wenye familia kutoka Hamburg, miongoni mwao vibarua wa bandarini, madereva na makarani. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwakusanya, akawaeleza kazi waliyotumwa huku akionekana wazi kufadhaika, kisha akawaambia wale wenye umri mkubwa kwamba asiyejiona kuiweza kazi hiyo anaweza kujitenga. Waliojitenga papo hapo walikuwa kama 12. Wanaume wa Kiyahudi waliofaa kufanya kazi, wapatao 300, walitengwa wapelekwe Lublin, na waliobaki, yaani wanawake, watoto na wazee, watu kama 1,500, walipelekwa kwa malori hadi ukingoni mwa msitu, ambapo kila polisi alikutanishwa uso kwa uso na mtu atakayemuua, wakaongozana kwa miguu mpaka mahali pa kulazwa kifudifudi. Daktari wa kikosi alikuwa amewaonyesha jinsi ya kuelekeza singe shingoni ili risasi isikosee. Kazi hiyo iliendelea hadi jioni.

Bango linaeleza haya yote kwa usahihi, lakini halisemi lililo zito kuliko yote, nalo ni kwamba hakuna aliyeadhibiwa kwa kujitenga siku ile. Mwongozaji analisema, kisha ananyamaza kidogo ili kila mtu alitafakari. Anaongeza pia kwamba Trapp alipelekwa Polandi baada ya vita, akahukumiwa na kuuawa mwaka 1948, ilhali baadhi ya watu wake walirudi Hamburg na kuendelea na kazi ya upolisi mpaka walipohojiwa katika miaka ya 1960. Hatii chumvi wala hapandishi sauti, na kwa jambo kama hili huo ndio ustadi wenyewe.

Kutoka hapo unaingia kwenye kona ya Belzec, kambi iliyojengwa kando ya reli ya kutoka Lublin kwenda Lviv, katika uwanja usiofikia mita 300 kila upande. Iliua kwa gesi kuanzia Machi hadi Desemba 1942, ikiendeshwa na Wajerumani wachache pamoja na walinzi kama 100 waliofunzwa katika kambi ya Trawniki, wengi wao wakiwa wafungwa wa kivita kutoka jeshi la Kisovieti. Kati ya wachache mno walioponea humo, Rudolf Reder ndiye aliyeacha maelezo marefu ya aliyoyaona. Kitu cha kutazama kwa makini hapa ni nakala ya telegramu iliyotumwa na ofisa wa SS (kikosi cha silaha cha chama cha Nazi) Hermann Höfle tarehe 11 Januari 1943, ikanaswa na Waingereza, na kutambuliwa katika nyaraka zao mwaka 2000. Inaorodhesha waliofikishwa katika kambi hadi mwisho wa 1942, kila kambi kwa herufi yake ya kwanza: L (Lublin, yaani Majdanek) 24,733, B (Belzec) 434,508, S (Sobibor) 101,370, T (Treblinka) 71,355, na jumla 1,274,166. Ukijumlisha utaona hesabu haifiki, kwa sababu tarakimu moja ya Treblinka ilianguka njiani na inapaswa kuwa 713,555. Kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa mbele yangu alitoa simu, akajumlisha, akamwita mwenzake aje aone. Kwa bahati mbaya nakala hiyo imebandikwa chini sana na imechapishwa kwa herufi ndogo hata mtu mzima analazimika kuchuchumaa; laiti wangeikuza ikajaa ukuta.

Sehemu inayofuata ni ya mji wa Szczebrzeszyn, ambako mkuu wa hospitali, daktari Zygmunt Klukowski, aliandika shajara ya siku kwa siku. Kuanzia tarehe 21 Oktoba 1942 Wayahudi wa mji huo walitolewa katika vyumba vya chini ya ardhi na kwenye dari, wengine wakapigwa risasi barabarani, na daktari huyo hakuficha kwamba wapo wenyeji waliokimbilia kupora nyumba na wengine waliosaidia kuwasaka waliojificha. Mbele ya bango hili bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake alimuuliza mwongozaji, "Sasa mwanangu, hao wenye mji walikuwa wapi?" Akajibiwa, "Bi mkubwa, walikuwapo wote. Magari ya farasi yaliyowabeba watu hadi stesheni yalikuwa ya wakulima, wameamriwa kuyaleta. Makaburi waliamriwa kuyachimba. Wengine walifanya kwa kuogopa, wengine walifanya bila kuambiwa."

Maelezo aliyoyatoa baada ya hapo yangestahili bango zima. Alieleza amri ya Hans Frank ya tarehe 15 Oktoba 1941, iliyoweka adhabu ya kifo kwa Myahudi anayetoka nje ya geto, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi, na kwa yeyote anayempa hifadhi. Alieleza kwamba wakuu wa vijiji walitakiwa kutoa taarifa za mgeni yeyote, na kwamba anayefichua Myahudi aliweza kupewa sukari au pombe kali, au nguo za marehemu. Alieleza vilevile kwamba Wapolandi wa wilaya hizo hizo hawakuwa salama, kwani kuanzia Novemba 1942 Wajerumani waliwafukuza zaidi ya 100,000 kutoka vijiji kama 300, wakiwamo watoto wapatao 30,000. Mwenye kutaka kujua jinsi mtu aliyeonewa anavyoweza kumwonea mwingine atapata hapa mfano usio na fumbo, na ni vigumu kuelewa kwa nini waandalizi walimwachia mwongozaji peke yake mzigo huu.

Naudhika zaidi na bango la mwisho. Ni kubwa kuliko yote, lina taa yake, na linahusu familia ya Ulma wa kijiji cha Markowa. Józef Ulma alikuwa mkulima wa miti ya matunda na mpiga picha. Yeye na mkewe Wiktoria waliwaficha Wayahudi 8 nyumbani kwao mpaka askari wa Kijerumani walipowavamia tarehe 24 Machi 1944, wakawaua wote 8, kisha Józef, Wiktoria aliyekuwa mjamzito, na watoto wao 6. Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri mwezi Septemba 2023. Habari hii ni ya kweli na watu hao wanastahili heshima yote. Hata hivyo Markowa haimo katika wilaya za Zamość na Biłgoraj, wala haimo katika jimbo la Lublin, na kuiweka mwishoni kwa ukubwa ule kunamfanya mtazamaji atoke ameshusha pumzi, akidhani kwamba kisa cha jumla kilikuwa cha majirani wema. Ingewekwa katikati, kwa kipimo sawa na mengine, ingemfunza mtu jinsi wema ulivyokuwa ghali na kwa nini ulikuwa adimu.

Jambo ambalo kila mkazi wa Malindi atalifikiria mbele ya picha za msitu ni Shakahola, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400. Watu wanalitaja kwa sauti, na mwongozaji hawakatizi. Anachofanya, na nadhani ni sawa, ni kuwaonyesha tofauti: Shakahola ilikuwa ya kundi la dini lililojificha dola isilione, na Józefów ilikuwa kazi ya dola yenyewe, kwa magari yake, mishahara yake na risiti zake. Baba mmoja hakuridhika, akasema kaburi ni kaburi. Mjadala huo ulichukua dakika nyingi, nami sikuona kama umepoteza wakati wa mtu.

Kuhusu huduma kwa jumla, mapokezi ni ya heshima na malipo ya M-Pesa yanakubaliwa. Feni ziko mbili kwa chumba ambacho adhuhuri huwa tanuri, na umeme ukikatika hakuna jenereta, kwa hiyo nenda asubuhi. Maelezo yako katika Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano; ya Kiitaliano yana aya ambazo hazimo katika ya Kiswahili, na hilo katika mji huu si haki hata kidogo. La ajabu ni kwamba, pamoja na kuwajali wasomaji Waitaliano kiasi hicho, hakuna neno hata moja kuhusu sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 wala kuhusu Wayahudi zaidi ya 1,000 waliochukuliwa Roma mwezi Oktoba 1943. Kijitabu kinachouzwa mlangoni kwa shilingi 200 kinarudia mabango neno kwa neno, kiache.

Watoto wa shule ya msingi nisingewapeleka, maana picha mbili hazikufunikwa wala hakuna onyo. Kwa vidato vya tatu na nne ni somo ambalo darasa haliwezi kulitoa, na walimu watakaotoa taarifa mapema hupewa mwongozaji kwa saa moja na nusu bila nyongeza, kwa makundi yasiyozidi wanafunzi 25. Siku ya Ijumaa ukumbi hufungwa saa sita hadi saa nane.