Kipimo cha jeni za misuli kukakamaa, Nairobi: uliza hili kabla hujalipa

Tangu shule ya msingi misuli yangu hugoma. Nikikaa sana kisha nisimame ghafla, miguu inakakamaa. Nikishika chuma cha matatu, vidole vinachelewa kuachia. Nikitembea kidogo, misuli inaachia. Nimeambiwa ni baridi yabisi, nimeambiwa ni mawazo, nimeambiwa nimerogwa.

Aliyenisikiliza ni daktari wa mishipa ya fahamu huko Upper Hill. Aligonga kwa kinyundo nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Kidole kikajikunja na kubaki hivyo, sote wawili tukikitazama kikijifungua polepole. Kisha akapima umeme wa misuli: sindano ilipoingia, spika ikatoa mlio wa kupanda na kushuka, kama pikipiki inayopigwa resi. Akasema ni mayotonia, yaani misuli ikikaza inachelewa kuachia, sasa tutafute jeni.

Damu hutolewa hapa hapa Nairobi, katika kichupa cha kifuniko cha zambarau, kisha sampuli hupelekwa ng'ambo. Kaunta ya maabara waliniambia paneli moja inashika magonjwa yote ya namna hii. Si kweli, na hapa ndipo nataka unisome kwa makini. Paneli husoma herufi za jeni nyingi kwa mkupuo, zikiwemo CLCN1 na SCN4A, ambazo hitilafu zake huleta mayotonia. Lakini mayotonia distrofia ya aina ya kwanza, ambayo misuli hukakamaa na pia kudhoofika, hutokana na jeni DMPK, kwenye kromosomu ya 19, ambako herufi CTG hujirudia kupita kiasi. Zikifika 50 na kuendelea ni ugonjwa, na wengine wana mamia, hata maelfu. Paneli ya kawaida husoma vipande vifupi vifupi, kwa hiyo marudio hayo huiponyoka. Yana kipimo chake. Na ugonjwa huo ndio unaogusa moyo na macho, na mara nyingi huwaanza watoto mapema na kwa ukali kuliko wazazi. Mtu akipewa jibu safi la paneli peke yake, anaweza kwenda nyumbani ametulia huku moyo wake ukihitaji kuangaliwa. Daktari wangu aliandika vyote viwili kwenye fomu. Nawe sisitiza.

DMPK yangu ilikuwa sawa. Kwenye CLCN1 yalipatikana mabadiliko mawili: moja linajulikana, la pili likaandikwa kwamba maana yake haijathibitika. Hilo liliniuma, kwa sababu hifadhi za data wanazolinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na sisi Waafrika tunapewa majibu ya namna hiyo mara nyingi zaidi. Kilichosaidia ni kupima wazazi. Mama ana moja, mzee ana lingine, na wote wazima. Ni mayotonia ya kuzaliwa nayo ya aina ya Becker, ya kurithi pande zote mbili. Mama alikuwa akijilaumu miaka yote. Siku hiyo alimshika baba mkono akacheka.

Ripoti ililetwa kwa baruapepe bila mtu wa kuieleza, na bima ya kazini ilikataa kulipa. Hapo nawanyima maabara nyota mbili. Hata hivyo ningepima tena. Sasa natumia meksiletini, dawa ya kupunguza kukakamaa huko, baada ya moyo kupimwa kwanza, na pochini nina kadi ya kumwonyesha daktari wa usingizi kwamba nisichomwe saksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, maana kwangu inaweza kukaza misuli ya taya na kifua nikiwa mezani.

Kama nyumbani kwenu kuna mwenye dalili hizi, mwende pamoja na wazazi wakiwa bado wapo.